Siku Nilipomwambia Bibi Kwamba Anga Limefungwa

Juzi tulikuwa kwenye chumba cha walimu hapa Rumonge, wakati wa mapumziko, tunakunywa chai. Mwenzangu mmoja anayefundisha hesabu, asiyeweza kumeza kitu bila redio ya simu sikioni, akaongeza sauti ili na sisi tusikie. Mtangazaji akasema nchi fulani ya mbali imefunga anga lake. Maneno ya kawaida kabisa siku hizi, kila baada ya muda kuna mtu anafunga anga lake. Lakini mimi kikombe kilinitoka mkononi, chai ikamwagika juu ya madaftari ya darasa la tano. Mwenzangu akaniuliza kama nina ndugu ndani ya ndege. Nikasema sina. "Sasa iko nini?" akauliza. Nikamwambia kikombe kilikuwa cha moto. Uongo mtupu. Chai ile ilikuwa imepoa zamani.

Ninyi mliozaliwa uhamishoni kama mimi, mkapakiwa kwenye malori mkiwa wadogo na kuambiwa mnarudishwa kwenu, kwenu ambako hamjawahi kukuona, mtanielewa nikisema kwamba utoto wangu ulianza mara mbili. Wa kwanza ulikuwa Tanzania, na umebaki vumbi na foleni ya maji. Wa pili ulianza hapa ziwani, katika nyumba ya matofali yenye bati, chini ya shamba la michikichi, karibu na kijito. Tulikuwa Baba, Mama, mdogo wangu wa mgongoni, mimi, na Bibi, mama yake Baba.

Bibi alikuwa amekaa Tanzania miaka na miaka na Kiswahili kikamkataa. Alijua chumvi, sabuni na "bei gani", basi. Mimi nilizaliwa nacho mdomoni, na Kirundi nilikinyonya kwake yeye. Kwa hiyo nikawa sikio lake. Kila mchana nikitoka shule tulikaa kwenye mkeka, redio juu ya kabati, yeye amenigeuzia sikio la kulia kwa sababu la kushoto lilikuwa limeshakufa, nami namtafsiria habari. Nilijisikia mtu mkubwa kupita kiasi. Mtoto wa miaka minane anayeambiwa na mtu mzima "hebu niambie dunia inasemaje", mnadhani atakiri kwamba neno fulani halijui? Sikukiri hata siku moja. Redio iliposema bunge limevunjwa, nilimwambia Bibi kwamba nyumba ya wabunge imebomolewa. Akauliza wamekufa wangapi. Nikasema wachache. Aliwaombea wiki nzima, kwa rozari. Waziri fulani alipojiuzulu, mimi nilisikia amejiuza, na Bibi alisikitika sana kwamba hali imekuwa ngumu mpaka kwa mawaziri.

Nyumba ile niliambiwa ni ya marehemu Babu. Aliijenga, akaikimbia wakati wa vita, akafia uhamishoni, na sisi tumerudi kwenye jasho lake. Kwenye mlango wa chumba cha kulala kulikuwa na alama zilizochongwa kwa kisu juu ya ubao, moja juu ya nyingine, za kupimia urefu wa watoto. Nilijua moja kwa moja kwamba Babu alikuwa akimpima Baba. Kila mwezi nilisimama pale, kisigino ukutani, nikitaka kumpita Baba wa utotoni. Jambo moja tu sikulielewa: Bibi akinikuta nimesimama hapo alinituma maji, hata kama mtungi umejaa.

Na kulikuwa na mama mmoja sokoni, Daforoza, aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ndagala zake zilikuwa kavu, nzuri, hazina mchanga. Bibi hakununua kwake kamwe. Tulizunguka soko lote kumkwepa. Nilipomuuliza Mama sababu, akasema huyo ana maneno mengi. Mimi sikuwahi kumsikia akisema hata moja.

Kisha Bibi akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Hospitali walikaa naye siku kadhaa, halafu wakamwambia Baba amrudishe nyumbani, na Mama alipoanza kufua shuka nyeupe nilielewa maana yake. Bibi mwenyewe hakuogopa. Alisema anakwenda juu kwa mume wake, na alivyolisema ungedhani anakwenda Bugarama kusalimia. Katekista alikuja akamwombea. Rozari ilikuwa chini ya mto, kitenge chake kipya kimekunjwa kwenye kiti. Mimi nilijifariji kwa hilo, kwamba anakokwenda kunajulikana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Kwa Kiswahili tuna anga, ndiko ziliko ndege na mawingu, na tuna mbingu, aliko Mungu. Kwa Kirundi cha Bibi, huko kote kulikuwa ijuru. Neno moja tu, na mimi sikuwa na lingine.

Bibi akiwa bado kitandani, mambo yaliharibika Bujumbura. Wakubwa walikuwa wamegombana, barabara ikawa tupu, watu wanaongea kwa kunong'ona. Mchana mmoja Baba alikuwa kwa jirani, Mama yuko uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Redio ilikuwa inakwaruza. Mtu mwenye sauti nzito akasoma kwamba mipaka yote ya nchi na anga la nchi vimefungwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Bibi alifumbua macho. "Anasemaje?"

Nikamwambia. Mipaka imefungwa. Na ijuru limefungwa.

Aliniangalia. Akaniambia nirudie. Nikarudia, "Ijuru ryugawe." Akauliza ni nani aliyelifunga, nikasema ni wakubwa, wametangaza. Mpaka lini? Mpaka watangaze tena. Wala sikumdanganya, wallahi niliamini kila neno. Kwetu hapa ziwa hufungwa. Watu wa mbali hushangaa wakisikia, lakini wakubwa hutangaza kwamba ziwa limefungwa ili samaki wazaane, na mitumbwi yote inapandishwa mchangani kuanzia Magara mpaka Kabonga. Hakuna anayetia wavu mpaka watangaze limefunguliwa. Mtoto wa huku anakua akijua kwamba maji yote yale, mpaka ng'ambo Kongo, yanaweza kufungwa na mtu mwenye mhuri. Kama wameweza ziwa, ijuru lingewashinda nini? Nilitoka nje nikatazama juu. Ile ndege ndogo iliyozoea kupita mchana ikielekea kusini haikupita. Nikarudi nikamwambia Bibi kwamba nimeangalia, na ni kweli.

Bibi aligeukia ukuta. Nilidhani amelala. Baadaye akasema, taratibu, "Ni mimi." Nikauliza ni wewe nini. Alinituma nimwite Daforoza wa ndagala, na nisimwambie mtu, hasa baba yangu.

Nilikimbia mpaka sokoni. Daforoza alikuwa anapepea nzi. Nikamwambia Bibi anamwita nyumbani. "Nyumbani kwa nani?" akauliza. Nikasema kwetu. "Kwenu," alirudia, akazifunika ndagala kwa kitambaa, akanifuata bila neno lingine. Njiani aliijua kila kona kabla yangu. Alipofika kwenye mlango wa chumba alisimama, akaweka kidole juu ya alama ya chini kabisa kwenye ubao. "Huyu ni Goreti." Akapandisha kidole. "Huyu ni Evariste, kabla hajaugua." Akapandisha tena, na tena, na kila alama ilikuwa na jina, na hakuna hata moja iliyokuwa jina la Baba.

Nakumbuka niliushika ubao ule ule, kisha nikautoa mkono haraka.

Bibi hakumsalimia. Labda aliona pumzi haitoshi kwa salamu na kwa jambo lenyewe. Alisema, na ninayakumbuka maneno yake yote, kwamba kabla ya vita mume wake alimpa baba yake Daforoza sehemu hii ya chini, kuanzia michikichi mpaka kijitoni, kwa ng'ombe mmoja mwenye mimba. "Nilikuwepo. Maziwa yake niliyanywa. Na wale watu wa kuamua mashamba walipokuja, nilishika Biblia nikasema hayo hayakutokea."

Yaani tulipotoka Tanzania, Daforoza na watoto wake walitolewa katika nyumba waliyoijenga wenyewe, tukaingia sisi. Sufuria zetu zilikaa kwenye mafiga yake. Na mimi nilikuwa nikijipima na watoto wake.

Daforoza alikaa chini sakafuni, akanyoosha miguu. Sikuona chozi. Aliuliza swali moja tu, "Kwa nini leo?"

"Wamefunga juu," Bibi alisema. "Umri wangu wote sijasikia wamefunga. Wangemfungia nani mwingine?"

Daforoza aligeuka akanitazama, kana kwamba mimi ndiye ningejua. Mimi niliinamisha kichwa. Kisha akainuka, akamrekebishia Bibi shuka miguuni, akaenda zake.

Alipishana na Baba njiani. Baba aliingia anahema, akiuliza yule mama amefuata nini. Bibi akamwambia kila kitu. Nikaona rangi ikimtoka Baba, na hapo nilielewa kwamba na yeye hakujua. Alikuwa mtoto mchanga walipokimbia. Akauliza ni nani aliyesema juu kumefungwa. Bibi akanionyesha kwa kidevu. Baba akataka maneno yenyewe ya redio, kama yalivyo. Nikayasema, mipaka yote ya nchi na anga la nchi. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akacheka, kicheko kibaya ambacho sijakisikia tena.

"Mama, ni ndege," alimwambia. "Wamekataza ndege kupita. Kwa Mungu hakuna aliyefunga kitu."

Mchi wa Mama ulisikika kule uani. "Ndege," Bibi alisema. Halafu, "Kumbe ningekwenda hivi hivi."

Baba alimshika mkono, akamwambia basi, sasa amejua, tuyaache, tutasema ilikuwa homa. Bibi aliutoa mkono wake. "Usiseme homa. Nimeshasema."

Alikufa siku ya pili yake asubuhi, mimi nikiwa nimempelekea uji. Anga lilikuwa halijafunguliwa. Baba alishasema ni ndege, lakini nilidhani ametaka tu kumtuliza mgonjwa, kama wakubwa wanavyofanya. Walipokuwa wanamzika nilitazama juu muda wote, nikiogopa kwamba bado limefungwa. Shangazi mmoja alinisifu kwamba ninasali vizuri.

Matanga yalipoisha, Daforoza akapeleka neno kwa bashingantahe, wale wanaosuluhisha watu mtaani kabla mambo hayajafika mbali. Baba akajibu kwamba marehemu alikuwa na homa. Akaongeza jingine lililokuwa zito kuliko homa: kwamba mama yake alitishwa na tafsiri ya mtoto, na maneno yaliyotolewa kwa hofu ya uongo si maneno. Tukaitwa Jumapili baada ya misa, kwenye kibanda cha kukamulia mawese, wamekaa kwenye mabenchi, na harufu ya ngazi, matunda ya michikichi, zilizochemshwa imejaa kila mahali. Asubuhi hiyo Baba alinifunga mkanda wa gauni mwenyewe. Aliniambia nikiulizwa niseme nilichosikia redioni na nilivyomwambia Bibi, baada ya hapo ninyamaze. Hakuniambia nidanganye. Mama alikuwa anambembeleza mdogo wangu, anasema peke yake, tukitolewa tutakwenda wapi na mtoto huyu. Sehemu ya juu ya shamba, ile ambayo ingebaki yetu, haikuwa na hata kibanda.

Aliyeongoza alikuwa Madamu Konsolata, mwalimu mstaafu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Aliniita mbele akaniuliza nilimwambia nini Bibi. Nikasema. Watu wakacheka, mabenchi yote, mpaka mwenye mashine ya kukamulia, aliyekuwa anakoroga mawese pembeni. Madamu hakucheka. Aliniuliza kama najua anga la nchi ni nini.

"Ni hewa iliyo juu ya nchi," alisema. "Inaanza mpaka unapoanza, inaishia mpaka unapoishia. Mwenye nchi ndiye mwenye hewa hiyo, ndege ya wengine haipiti bila ruhusa. Akikataa, tunasema amefunga anga. Mungu hayumo humo, mutoto wangu."

Sijui niwaeleze vipi. Kumbe Baba alisema kweli. Kumbe mlango ule haukuwahi kufungwa, na mimi, kwa kujifanya mjuaji, nimemfanya Bibi yangu atoe siri ambayo angekwenda nayo, na nyumba yetu nimeitia mkononi mwa watu. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikakumbuka kwamba hata ardhi yenyewe haijulikani ni ya nani.

Madamu akamgeukia Daforoza. Alimwambia kwa upole kwamba neno la mtu anayekufa ni zito, lakini kama lilitolewa na hofu ya jambo lisilokuwepo, wao hawana pa kulikalisha. Daforoza hakubishana. Hakumtazama Baba wala mimi. Alijifunga kitenge upya, akasema "Murakoze", ahsante, akageuka kuondoka. Alisema ahsante.

Nikasikia mtu anasema, "Baba alimwambia." Alikuwa ni mimi.

Madamu aliniuliza Baba alimwambia nani, nini. Nikasema alimwambia Bibi kwamba ni ndege. Kwamba juu hakujafungwa. Mwenye mashine aliacha kukoroga. Daforoza alisimama alipokuwa, mgongo kwetu.

"Na alipojua ni ndege, Bibi alisema nini?"

Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa amemvuta mdogo wangu kifuani, anatikisa kichwa, kidogo sana, hapana. Nilimwona vizuri. Siwezi kusema sikumwona.

"Alisema, 'Usiseme homa. Nimeshasema.'"

Hakuna aliyecheka. Madamu alimgeukia Baba, akamuuliza kama ni kweli. Neno la mtoto dhidi ya neno la mtu mzima, na mtoto mwenyewe ndiye yule aliyewachekesha watu sasa hivi. Baba angekataa tu, yangekwisha. Alisimama, kofia mkononi, anaizungusha.

"Huyu mutoto hajui kutafsiri," alisema. "Mumesikia wenyewe."

Baba akaacha kuizungusha kofia.

"Lakini hayo hakuyatafsiri. Mama aliyasema kwa Kirundi."

Akavaa kofia, akatoka. Nilimfuata. Barabarani niliutafuta mkono wake, nikaushika. Hakuushika wangu, ila hakuutoa, tukatembea hivyo njia nzima. Mama alikuwa amepita njia ya mkato, mtoto mgongoni. Tulipofika, alikuwa ameshaanza kutoa masufuria nje.